Breki za Nyuma za Mbishi

Shemeji yangu ni fundi bomba. Kama umewahi kuvujiwa na maji mtaani kwetu basi umeshamwona: mtu mfupi, mpana, mwenye ndevu chache anazozitunza kama bustani, anayeingia nyumbani kwako akisalimia mfereji kwanza kisha wewe. Amemwoa dada yangu mkubwa. Mimi nakaa nao, chumba cha uani, na cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo hakuna kinachoingia wala kutoka nyumba ile bila mimi kukiona. Nasema haya mapema ili mtu asije akaniuliza nimeyajuaje.

Ana kanuni moja maishani, na kanuni hiyo imeshatutoa jasho sote. Kila anachokifungua hukirudisha kama alivyokikuta. Akiazima mkasi wangu, ataurudisha ukiwa umetazama upande uleule, na kile kipande cha uzi kilichokuwa kimenasia kitakuwa bado kimenasia. Siku alipoifungua cherehani yangu kuitia mafuta alikuta ganda la karanga ndani, sijui lilifikaje. Akalitoa, akalifuta, akamaliza kazi yake, akalirudisha. Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa suruali.

"Shemeji, mimi sijui hilo ganda linafanya kazi gani humo," alisema. "Na wewe hujui. Sasa tukilitoa, kesho cherehani ikigoma, nani atajibu?"

Ganda bado limo.

Mbishi ni gari lake. Ni gari la zamani, la matope na mabonde, refu kwenda juu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, na magurudumu yote manne yanavuta. Ukimpa mlima anapanda, ukimpa mto anavuka, na mabomba ya Shemeji yakiwa yamefungwa juu ya paa anapita mahali ambapo hata punda angefikiri kwanza. Shida ya Mbishi haikuwa kwenda. Shida ilikuwa kusimama. Breki zake za nyuma zilikuwa za dramu, yaani bakuli la chuma, na ndani yake vipande viwili vilivyopinda vinavyotanuka kulibana. Zikiwa kavu zilishika kidogo. Zikiingia maji zilishika kama mkono wenye sabuni.

Mama yetu alikuwa akikaa peke yake juu ya kilima, nje ya mji, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba, na ua wake umeinama kuelekea jikoni. Shemeji hakubahatika kumjua mama yake mzazi, alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa. Basi tangu siku ya kwanza dada alipomleta nyumbani, Mama alimwita "mwanangu", na mimi nimemsikia mtu mzima mwenye ndevu akiitikia "naam, Mama" kwa sauti ambayo hata mkewe hajawahi kuambulia. Walipendana hadi sisi tuliozaliwa na Mama tukaona wivu. Kipande kizuri cha nyama kilikuwa chake, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Halafu ikaja siku ya banda la kuku. Mvua ilikuwa imenyesha, Mbishi alikuwa amepita kwenye madimbwi njia nzima, na dramu zilikuwa zimejaa maji. Shemeji aliingia uani, akakanyaga breki, na Mbishi akaendelea na safari yake. Hakwenda kasi. Alikwenda taratibu kabisa, kama mgeni anayetafuta pa kukaa, akalifikia banda, akalisukuma, nalo likateleza kwenye matope likavuka ua mzima hadi mlango wa jiko. Hapo likagota. Kuku wakatoka mmoja mmoja. Baada ya kuku akatoka Mama, ambaye alikuwa ndani akiokota mayai, na kila mkono umeshika yai zima.

Hakuumia wala hakupiga kelele. Aliyaweka mayai kwenye ungo, akajipangusa manyoya, akamwambia dada yangu, "Mwambie fundi bomba aondoe gari lake."

Fundi bomba. Shemeji alikuwa amesimama palepale, akisikia kwa masikio yake. Tangu siku hiyo jina likawa hilo, mbele yake na nyuma yake. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Mimi niliyekuwa nikimwona akila chakula bila kukitazama naona halikuwa dogo, na kusema kweli nilimwonea huruma hadi nikaacha kumtania kwa kitambo.

Baadaye magoti ya Mama yakaanza kumsumbua. Kisima kiko mbali, kuni ziko mbali zaidi. Dada akamwomba ahamie kwetu, chumba kipo, kimeshapakwa rangi. Mama akakataa. Akaombwa tena, akabembelezwa, mwisho akasema, "Nitakuja siku gari lile litakaposimama."

Dada alijua hiyo ni njia ya mama yetu ya kusema hapana. Shemeji aliichukua kama kazi aliyopewa. Dada aliposema tukodi gari jingine tumlete, Shemeji, ambaye kwa kawaida humkubalia mkewe kabla hajamaliza kusema, alitikisa kichwa.

"Nilimsukuma mimi," alisema. "Nitamchukua mimi."

Breki za kisasa ni za diski: sahani ya chuma inazunguka pamoja na gurudumu, na kalipa inaibana kutoka pande zote mbili, kama vidole viwili vinavyoshika karatasi. Maji hayazisumbui. Wadogo zake Mbishi, magari ya ukoo uleule yaliyoundwa baadaye, wanazo mbele na nyuma. Kilichobaki ni kumpata mdogo mtu aliyekwishakufa.

Dada alinituma niandamane naye kwenye uwanja wa chuma chakavu. Si kwamba najua magari. Ni kwamba safari iliyotangulia Shemeji alikwenda kutafuta taa akarudi na bafu la kuogea lenye miguu. Mwenye uwanja huitwa Kutu, na nguo zake zinaeleza sababu. Kutu akatuonyesha gari tulilolihitaji. Lilikuwa limebiringika mahali fulani na likaletwa vilevile, limelala chali, magurudumu hewani. Shemeji alifurahi kupita kiasi.

"Tazama lilivyojilaza vizuri," aliniambia. "Hata kuingia uvunguni hakuna haja."

Naomba myakumbuke magurudumu hayo hewani. Kutu aliyaona, mimi niliyaona, na Shemeji alikuwa ameyashika kabisa.

Kabla ya kugusa nati hata moja alitoa chaki. Akasimama nyuma ya gari, kalipa iliyokuwa mkono wake wa kulia akaiandika KULIA, ya mkono wa kushoto akaiandika KUSHOTO. Kisha kwenye kila moja akachora mshale mnene unaoelekea juu, mbinguni, ili asije akakosea wakati wa kufunga. Aliichora mishale ile kwa uangalifu hadi Kutu akasogea kutazama.

"Fundi, wewe mbona ungekuwa mchoraji," Kutu alisema.

"Mimi narudisha kama nilivyokuta," Shemeji akamjibu, na kichwa kikamvimba kidogo.

Kazi ya kufunga ilifanyika uani kwetu. Ekseli ya Mbishi haikuwa na mahali pa kushikia kalipa, ikabidi aitwe Cheche, mchomeleaji wa kona ya pili, akate vibao vinene vya chuma vya kuzishikilia. Ruwaza ya vibao hivyo niliikata mimi, kwa karatasi ninayokatia kola za mashati, na sitanii, ilikaa sawasawa mara ya kwanza. Cheche alisema hajawahi kufunga breki zenye mshono mzuri namna ile. Dramu zilizotolewa ziliachwa pembeni, Dada akazijaza udongo akazipandia maua. Diski zikaingia, kalipa zikakaa, KULIA kulia, KUSHOTO kushoto, mishale yote miwili juu. Shemeji akarudi nyuma hatua kadhaa akajitazamia kazi yake, na mimi nikamwona anafanya mazoezi ya kusema "naam, Mama" bila sauti.

Ikabaki kutoa upepo. Mafuta ya breki yakiingia kwenye mirija huingia na hewa, na hewa ikibaki humo pedali inakuwa laini, haibani kitu. Kwa hiyo mtu mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga, mwingine yuko chini analegeza kiskrubu kidogo kwenye kalipa, hewa inatoka, anakikaza. Mkanyagaji nilikuwa mimi.

"Kanyaga," alisema Shemeji kutoka chini. "Shikilia. Achia. Kanyaga."

Nilikanyaga hadi nikasahau nilizaliwa kufanya nini kingine. Pedali ikabaki inazama kama godoro. Shemeji akatoka uvunguni na kichupa chake cha mafuta.

"Mafuta yanatoka safi. Hakuna hata povu," alisema. "Tatizo ni mguu wako, shemeji. Umezoea cherehani. Unakanyaga harakaharaka."

Nikamwambia aikanyage yeye mwenyewe kwa mguu wake wa kifalme, mimi nina nguo za watu. Akamwita Dada. Dada akakanyaga na sufuria ikaungua. Akamwita Cheche, Cheche akakanyaga hadi akapata kisingizio cha kuondoka. Muuguzi wa nyumba ya jirani alipita akitoka zamu, akaambiwa ni dakika moja tu, akajikuta amekaa kwenye usukani na sare zake nyeupe akiitikia kanyaga, shikilia, achia. Mtaa mzima ulipitisha mguu kwenye pedali ile. Kila mara mafuta yalitoka safi kama maji ya kunywa, na kila mara pedali ikazama hadi sakafuni.

Cheche alisema ni silinda inayosukuma mafuta. Kutu alipotumiwa salamu alisema ni mirija. Shemeji akabadilisha vyote viwili na ngoma ikawa ileile. Akashika tama kwenye ngazi ya baraza, na mawingu yalikuwa yanaanza kujikusanya upande wa kilimani.

Dada hakuwa na subira tena. "Mvua zikianza Mama atabaki huko," alimwambia. "Atateleza kisimani peke yake. Nakodi gari, tunamleta. Na hili dude lako lirudi kwa Kutu likalale chali na wenzake."

"Akija na gari la kukodi atakuja kwako," Shemeji alisema taratibu. "Kwangu hatakuwa amekuja."

Nilisimamisha cherehani. Dada akaingia ndani, na nilijua amempa muda kidogo, ila si mwingi.

Asubuhi iliyofuata muuguzi akaja kumwita. Mfereji wake wa jikoni ulikuwa unakohoa, unatema maji na hewa. Nyumba zetu zinatenganishwa na ukuta mfupi, nami kutoka barazani namwona hadi rangi ya sufuria zake. Shemeji alikwenda bila raha, akainama chini ya sinki. Muuguzi, mtu wa kupenda kusaidia, alikuwa tayari amefungua koki ya chini, na maji mazuri yalikuwa yanatoka.

"Nilidhani nikifungua hapa hewa itaisha," alisema.

"Hapana, dada yangu," alisema Shemeji, kwa ile sauti yake ya kazini ya kuchoka na wajinga. "Hewa hukaa juu. Ukifungua chini utatoa maji masafi mpaka mwaka ujao, na hewa itabaki hukohuko juu inakucheka."

Halafu akabaki ameinama vile, spana mkononi, mdomo wazi. Akanyanyuka, akatazama ukuta, akatutazama Mbishi na mimi. Akauruka ukuta, na Mungu ni shahidi, mtu yule hajawahi kuruka hata dimbwi. Koki aliiacha wazi, nikamsikia muuguzi akipiga yowe na maji yakimpata kifuani.

Akajitupa uvunguni mwa Mbishi. Nami nikasogea nikachungulia. Alikuwa ameshika kile kiskrubu cha kutolea upepo kwa vidole viwili. Kilikuwa chini kabisa ya kalipa, kinatazama ardhi. Na juu, mshale wa chaki ulikuwa bado unaonekana vizuri sana.

"Shemeji," nilimwambia, "lile gari la Kutu lilikuwa limelala chali."

"Nilijua," alisema.

"Ulijua lini?"

"Sasa hivi."

Basi kulia kukawa kushoto, kushoto kukawa kulia, viskrubu vikatazama juu, na nikaitwa kukanyaga. Ilitoka hewa hadi nikadhani Mbishi ana pumu. Mwisho mguu wangu ukagota kwenye kitu kigumu kama kizingiti. Nikamwambia Shemeji huo ndio mguu wa cherehani. Alikuwa anajifuta uso kwa kitambaa chenye mafuta, na sikutaka kuchunguza anafuta nini.

Tulikwenda kilimani siku hiyohiyo, Dada, yeye na mimi. Mbishi alisimama kila alipoambiwa, na Shemeji akamwambia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama alikuwa mlangoni. Alisikiliza maelezo yote ya diski na kalipa, Shemeji akiyatoa akiwa bado kwenye usukani, bila kubadilika uso, kisha akaingia bandani akatoka na yai. Akapanda nalo kwa shida hadi katikati ya ua, akaliweka kwenye njia ya gurudumu.

"Fundi bomba," alisema, "simama hapo."

Shemeji akamrudisha Mbishi nyuma hadi getini, akaachia breki. Mbishi akateremka ule ua kwa mwendo wa kutisha, Dada akafumba macho, na gurudumu likasimama palepale, limebakisha nafasi ya kupitisha kidole. Yai zima. Shemeji akavuta breki ya mkono, ikalia krrr kwa heshima zote, akaruka chini akamwendea Mama mikono imetanuka.

Nyuma yake yai likasema pwa.

Mbishi alikuwa anakuja. Taratibu kabisa, kama zamani, anaelekea banda. Shemeji aligeuka akabaki kama mti, na aliyetembea ni Mama. Kwa magoti yaleyale mabovu alilichukua jiwe linaloshikilia mlango wa jiko, akapiga hatua, akalisukumiza chini ya gurudumu. Mbishi akapanda kidogo, akafikiri, akatulia.

"Breki ya mkono iko wapi?" aliuliza Mama.

Shemeji alichungulia ndani ya gari. Mpini ulikuwepo, krrr ilikuwepo. "Ilikuwa inashika ndani ya dramu, Mama."

"Na dramu ziko wapi?"

"Zimepandwa maua," alisema Dada.

Nilijua mambo yameharibika. Shemeji aliinamisha kichwa, na shingo yake ilionekana ya mtoto. Mama alilitazama jiwe, akalitazama gari, akamtazama tena mkwewe. Halafu mabega yakaanza kumcheza, na kicheko kikamtoka hadi akashika boneti asianguke.

"Kumbe bado linahitaji mtu," alisema.

Akaketi kwenye kigoda, akajipangusa macho. "Niwaambie ukweli. Gari sikuliogopa. Niliogopa kile chumba chenu cha rangi. Nikae humo niletewe chai, niulizwe kama nimelala vizuri, halafu nikae tena. Mimi si sanduku." Akanyoosha mkono ainuliwe. "Haya, nileteeni nguo zangu. Jiwe nabeba mwenyewe."

Alipanda mbele, jiwe akalifunga kwenye shuka akalipakata. Kuku walipanda nyuma na mimi, na safari hiyo siielezi.

"Mwanangu, endesha," alisema Mama. "Polepole, jiwe lisiniangukie mguuni."

Shemeji alisema, "Naam, Mama." Gia ikamshinda kuingia, akajaribu tena, ikamshinda tena, na hakuna aliyemcheka, hata mimi.

Siku hizi Mama haonekani nyumbani. Asubuhi huondoka na Shemeji kazini. Wakifika, Mbishi husimama, Mama hushuka na jiwe lake, huliweka chini ya gurudumu, hulipima kwa mguu, ndipo fundi anaruhusiwa kushuka. Wateja humwita Utingo. Magoti bado yanamuuma, huyalalamikia kila jioni kwa furaha, na chai anajitengenezea mwenyewe.

Wiki iliyopita niliingia stoo kutafuta kamba ya kuanikia. Nyuma ya mabomba, ndani ya gunia, nikakuta waya wa breki ya mkono na vishikizo vyake vyote, vimesafishwa na kupakwa grisi, na kila kimoja kina mshale wa chaki, safari hii na maneno: GARI LIKIWA LIMESIMAMA. Grisi ilikuwa imeshashika vumbi. Shemeji alinikuta nimevishika.

"Hivi unavyo tangu lini?" nilimuuliza. "Mbona hufungi?"

Alivichukua mikononi mwangu bila haraka, akavirudisha ndani ya gunia, gunia akalirudisha nyuma ya mabomba, likiwa limetazama upande uleule. Nje Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mbele, anagonga mlango wa gari kwa jiwe, anamwita mwanawe, wanachelewa.

"Acha kama ulivyokuta," aliniambia, akatoka mbio.